Mimi au Uzio

Nilipojiandikisha kusomea upigaji picha, nikiwa na mvi na shahada ya sosholojia ambayo haikunisaidia hata kukaza skrubu, zoezi la mwisho nililiona ni la wavivu. Chagua sehemu moja ya mji. Simamisha kamera mahali pale pale, saa ile ile, Jumamosi kumi na mbili. Mwalimu atazipandanisha picha juu ya kioo chenye taa. Zikilingana, umefaulu. Zisipolingana, unarudia kozi yote.

Nilichagua mteremko wa Kadutu, mtaa ulio juu ya ziwa, ambako bati la huyu liko chini ya mlango wa yule. Maman mmoja mjane, muuza sombe, yaani majani ya muhogo, aliniruhusu kusimama uani kwake. Mbele yetu ilikuwepo ngazi ya udongo, njia yake pekee ya kupandia barabarani, na pembeni yake uzio wa mabati wa jirani. Niliweka jiwe bapa chini ya mguu wa mbele wa kamera, nikaliacha pale liwe alama, nikajiona injinia.

Jumamosi ya sita nilianza kuchanganyikiwa. Picha ya kwanza ilionyesha ngazi nzima. Ya sita ilikuwa imekatwa ncha za vidato. Niliinua kamera, nikaishusha, nikafuta miwani. Katika ya kumi na mbili ngazi ilibaki na upana wa kukalia tako moja.

Mwalimu, binti wa umri wa kifungua mimba wangu, alizipandanisha.

"Papa, ulisogea."

"Sikusogea. Niliweka jiwe."

"Basi jiwe lilisogea."

Akaandika kwenye picha ya mwisho, kwa kalamu nyekundu: nane kwa ishirini.

Nilikubali. Mtu wa umri wangu amezoea kuambiwa kosa ni lake, hasa nyumbani. Lakini nilipompelekea maman picha hizo kumshukuru, alizipanga juu ya beseni, akajipiga mapaja.

"Papa, we haukujongea! Ile klotire ya mabati njo inatembea! Minasemaka kwa shefu wa avenyu, ye anasema niko nazeeka. Jirani anakula ngazi yangu. Akiimaliza, na hii beseni nitapitia wapi? Juu ya bati?"

Tukaenda kwa shefu, mkuu wa mtaa wao, jirani naye akaitwa. Nilitembea kifua mbele. Kumbe sikuwa mwanafunzi mbaya, nilikuwa shahidi.

"Papa," shefu akaniuliza, "unaapa kamera yako haikujongea?"

"Naapa. Niliweka jiwe."

"Ile jiwe ya bapa?" maman akadakia, akitaka kunisaidia. "Iko muzuri sana, shefu! Minafuliaka nguo juu yake. Lakini minairudishaka pale pale. Karibu karibu."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Shefu alivua miwani. Mimi sikujua tena kama nilisogea, au ni uzio, au ni mlima wote ulioteremka kidogo kuelekea ziwani, jambo ambalo kwetu si ajabu.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza yote. Aliwasha taa ya kioo upya, akaangalia nguzo ya umeme ambayo, katika picha ya kwanza, ilikuwa hatua moja kutoka kwenye uzio.

"Nguzo imehama kidogo sana. Huyo ni wewe, papa. Uzio umehama mara nyingi zaidi, mpaka umeigusa nguzo. Huyo si wewe."

"Niandikie hivyo."

"Alama hazibadiliki."

"Niandikie tu."

Aliandika nyuma ya picha ya mwisho, kwa kalamu ile ile nyekundu: mwanafunzi alisogea kidogo, uzio ulisogea sana. Nikampelekea shefu. Alisoma mara mbili, akageuza, akaona nane kwa ishirini.

"Mutu anayeleta karatasi ya kumuaibisha mwenyewe," alisema, "huyo hasemi bongo, anasema kweli."

Uzio ukang'olewa siku iyo hiyo. Urudishwe mpaka wapi hasa? Wote wakanigeukia mimi, nami, kwa kukosa la kufanya, nikaonyesha nguzo na kusema: hatua moja. Ya nani, hawakuuliza. Maman alipanda ngazi na beseni kichwani bila kupita kiubavu.

Sasa narudia kozi. Nasimama uani kwake kila Jumamosi, pale pale, karibu karibu.