Wavamizi Walioacha Ng'ombe

Baba yangu aliendesha lori la mizigo kati ya Isiolo na Moyale. Sisi ni Waislamu wa mjini, wajukuu wa askari waliomtumikia Mwingereza, na majirani zetu walikuwa Waturkana upande mmoja, Waborana upande mwingine. Nilikua nikizungumza lugha zao zote. Sikufikiri kwamba siku moja ningeajiriwa kwa sababu hiyo.

Serikali ya kaunti ilipoanza kazi, mafuta yalikuwa yameshapatikana Turkana, na habari ya mjini ikawa moja tu: bomba litapita kwetu kwenda baharini. Watu ambao hawakuwahi kuikanyaga Burat, nje kidogo ya mji, wakaanza kuulizia mashamba huko. Kampuni moja ya upimaji ardhi ilitafuta mkalimani wa kike, kwa kuwa mchana mashambani wanabaki wanawake. Nikaenda.

Hapo ndipo nilipomjua mama mmoja Mturkana aliyelima vitunguu karibu na mto. Yeye na mumewe waliishi pale tangu waoane. Mpimaji, kijana mpole kutoka Nairobi, alisimamisha bikoni, nguzo fupi ya saruji ya kuonyesha mpaka, katikati ya matuta yake.

"Mwambie ni alama tu," aliniambia. "Hakuna anayefukuzwa."

Nikatafsiri. Mama akaegemea jembe, akanitazama mimi, si mpimaji.

"Huyu anasema hivyo, ama ni wewe?"

"Ni yeye, mama. Lakini hata mimi naamini."

Akatung'olea vitunguu vya kubeba nyumbani.

Baada ya bikoni ikaja mikutano. Wakubwa walifika na magari, wakazungumza na kila jamii peke yake. Huku waliambiwa wenzao wa kule wanataka kula fidia yote ya bomba. Kule wakaambiwa vivyo hivyo kuhusu wa huku. Nilikuwa nasikia pande zote mbili, na maneno yalifanana mpaka nikadhani yameandikwa na mkono mmoja. Wachunga mifugo waliotembea na viatu vya tairi wakaonekana na risasi mpya. Nani aliwanunulia, hakuna aliyetaka kuuliza kwa sauti.

Wavamizi walishambulia mashamba ya mtoni alfajiri, watu wakiwasha moto wa chai. Mume wa yule mama alipigwa risasi mlangoni, na majirani wawili wakafa wakikimbilia mtoni. Nilipofika saa tatu, nyumba zilikuwa zikifuka moshi, na ng'ombe wote walikuwa bado zizini, wakilia kwa sababu hakuna aliyewakamua. Wiki iliyofuata, katika kijiji cha Leparua, jamii nyingine nayo ikazika vijana wake.

Mama aliniomba nimsindikize polisi, nimsemee. Afande alikuwa ameshaanza kuandika kabla hatujakaa.

"Wizi wa mifugo," alisoma.

"Afande, mifugo yote iko," nikasema.

"Sasa unataka niandike nini?"

Nikamuuliza mama. Akajibu kwa neno moja, nami nikalitafsiri: "Shamba."

Afande akaweka kalamu chini. "Shamba haiwezi kuibwa, dada. Si iko tu pale?"

Ikabaki wizi wa mifugo. Hata redioni ilitangazwa hivyo. Tulipotoka nje mama alinishika mkono, akasema bila hasira, "Ulisema unaamini."

Niliacha kazi ile, lakini kabla ya kuacha nilimuuliza mpimaji nani aliiona ramani ya bomba kabla ya wananchi. Alikunja karatasi zake. "Kila mtu mwenye cheo," akasema. "Mimi napima tu."

Mvua ya kwanza haikuwa imenyesha wakati ua wa seng'enge ulipopita juu ya matuta ya vitunguu. Mlinzi wa pale alituambia mimi na mama kwamba mwenye shamba yuko Nairobi na hati anayo. Tulipomuuliza jina, akasema yeye hulipwa kwa simu, hajawahi kumwona.

Kamati ya ardhi ilipokuja kusikiliza malalamiko, baba alinikataza kwenda. "Hao wakubwa wamemaliza watu kwa sababu ya bomba ambalo halijachimbiwa hata shimo," alisema. "Wewe watakuacha?" Nilienda. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa nikaeleza habari za bikoni, mikutano, na ng'ombe walioachwa. Mwenyekiti alinishukuru, akaita anayefuata, kisha ikaletwa chai. Usiku hakuna aliyetugongea mlango, na hilo liliniumiza kwa namna yake: nilichosema hakikumtisha mtu.

Bomba halijafika. Barabarani hupita malori tu, na pale kwenye ua nyasi zimerefuka.

Yule mama wa vitunguu alivumilia chumba cha kupanga mjini kwa miezi michache, akiosha vyombo hotelini, kisha akaamua kwenda kwa dada yake Lodwar. Nilimsaidia kufunga mizigo: godoro, sufuria mbili, koti la marehemu. Aliniomba nisimpigie simu kwanza, kwa kuwa kila akisikia sauti yangu anaiona ile asubuhi. Nikakubali. Ulipita mwaka na zaidi kabla sijathubutu kupiga, na aliyepokea alikuwa mwanamume nisiyemjua, akaniambia kwa upole kwamba nambari hiyo sasa ni yake.