Mama Redio na Kambare wa Gatini

Mtaani kwetu Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alijulikana kwa mambo mawili: kazi yake haikuwa na kombo, na yeye mwenyewe hakuwa na maneno. Maneno yote ya nyumba ile aliyabeba mkewe, muuza mitumba tuliyemwita Mama Redio. Ukisimama kumsalimia tu, utaondoka na gauni mkononi, mbavu zinauma kwa kicheko, na habari zote za nani kaposwa na nani kaachika.

Kisha kiharusi kikampiga Mama Redio akiwa anakunja mashuka. Alirudi kutoka hospitali juu ya kiti cha magurudumu, mkono na mguu wa kulia vimelala, sauti imekwenda. Alielewa kila kitu, macho yalionyesha. Lakini akifungua kinywa halitoki neno, basi anageukia ukutani. Wageni wakipiga hodi anajifunika khanga usoni.

Binti yao alihamia pale na mwanawe wa kike ili amuuguze. Jioni moja Cheche akamwambia, "Jumapili nampeleka mama yako ziwani, tukavue."

Zamani, binti akiwa mdogo, ndiyo ilikuwa starehe ya familia. Mvuvi alikuwa Mama Redio. Cheche kazi yake ilikuwa kuchimba minyoo ya chambo.

"Baba! Kiti cha magurudumu juu ya gati la mbao? Unataka kumtumbukiza?"

"Nitakifunga."

"Utakifunga na nini?"

"Na gati."

Wiki nzima karakanani kwake mageti ya watu yalisubiri. Alitengeneza vibano vya kushika magurudumu kwenye mbao. Kwenye mkono wa kiti akachomelea kipande cha bomba cha kusimamishia fimbo ya kuvulia, na kigurudumu cha kukunjia mshipi akakihamishia upande wa kushoto, kwenye mkono ulio mzima.

Jumapili ya kwanza Mama Redio hakuigusa fimbo. Watu waliokuja kupunga upepo walimkodolea macho, naye akainamisha kichwa. Binti akanong'ona, "Baba, turudi." Cheche akaendelea kutia chambo kwenye ndoana. Jumapili iliyofuata wakaja tena, na nyingine tena. Siku moja ule mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukashika fimbo.

Kambare alikuja asubuhi yenye mawingu. Cheche alikuwa mwisho wa gati, anamfumulia mjukuu mshipi uliojisokota. Fimbo ya mkewe ikapinda kama upinde, kiti kikalia kwenye vibano. Cheche akakurupuka, akakanyaga kopo la minyoo, akaketi kitako, pwaa!

"Wavu!"

Gati zima likageuka.

"Wavu, we mzee! Wavu!"

Lilikuwa neno la kwanza tangu hospitali. Mzee mwenyewe alibaki pale chini kati ya minyoo, machozi yanamtiririka, wavu ameukalia. Binti ndiye aliyeuchomoa, akalala kifudifudi kwenye mbao na kumkinga samaki, huku Mama Redio akikunja mshipi kidogo kidogo kwa mkono mmoja, meno ameyauma. Kambare mwenyewe mnene kama paja la mtoto! Mjukuu akapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Sitasema kwamba maneno yote yalirudi. Yalirudi kwa kudonoa, leo moja, kesho hakuna, na mguu mpaka leo haujakubali. Lakini khanga ilibaki mabegani, na Jumapili zikawa zao. Familia nyingine nazo zikaanza kuja na watoto. Mlinzi wa gati akamwomba Cheche aweke uzio mfupi pembeni, wadogo wasiteleze, naye akauweka, pamoja na mabomba ya chini ya kusimamishia fimbo, kimo cha mtoto.

Juzi nilikwenda na mwanangu. Alikuwa anarusha ndoana ovyo, na Mama Redio akamwita.

"We... kaa... kaa..."

Neno likakwama. Mimi nilitaka kumsaidia, nikaona Cheche ananiangalia huku ametulia tuli, minyoo mkononi. Nikafunga mdomo. Watoto wote waliokuwa jirani nao walikuwa wanangoja bila wasiwasi, kama watu waliokwisha kuzoea.

"Kaa chini," akamalizia. "Utaning'oa sikio."

Mwanangu akacheka, akaenda kuketi kando ya kiti chake.