Waliofukuzwa Thera

Mama alikuwa na mabinti wawili, mimi na dada yangu, akasema mmoja aende China na mwingine abaki naye Kariakoo kuuza atakachotumiwa. Hakutaka kuchagua mwenyewe, asije akaonekana anapendelea. Akakunja vikaratasi viwili, tukaokota. Mimi nikapata China, na nikamcheka dada yangu hadi jioni.

Mwaka wa pili pale Guangzhou nilikuwa sicheki tena. Waafrika tulikuwa tumejaa mjini, kila mtu na marobota yake ya nguo, na biashara ilikwenda vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa siendi vizuri. Nilitaka kurudi nyumbani, nikalale.

Nililitamka jambo hilo kwa mara ya kwanza kwenye mgahawa wa Waislamu karibu na Zhanqian Road, nikila tambi na jirani yangu Mkongomani. Kwao Lubumbashi alikuwa akifundisha historia. Huku alinunua jinzi. Wagiriki wa kale hawakumtoka mdomoni. Ukimwambia bei ya zipu imepanda, atakujibu kwamba Wagiriki walijifunga shuka na mambo yao yakaenda.

"Kurudia kwenu?" aliuliza. "Mama, sikiya kwanza." Wanawake wote alituita mama. "Kulikuwa kisiwa moya ya Bagriki, Thera. Mvua ilikatala, njala ikaingia. Donc, nyumba yenye bandugu babili, bakapiga kura, moya akaenda kutafuta udongo ya kukaa ku Afrika."

"Kwetu?"

"Voilà, Libya. Kule bakaona mateso, bakarudia. Batu ya kwabo bakabangojea ku mer, ku bahari, bakabatupia majiwe. Hata kushuka mu mashua, hapana."

"Na mama zao?"

"Bamama nabo balikuwa pale, sivyo?"

Nilikasirika kweli. Nikamwambia hao walikuwa makafiri wanaoabudu masanamu, na kwamba kwetu mzazi hamfukuzi mwanawe. Nikalipa tambi zangu, nikaenda kupiga simu.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi, nimechoka tu, nataka nyumbani. Kisha akasema chumbani kwangu sasa wanalala shemeji na watoto, dada ana mimba nyingine, na duka bila mimi ni makabati matupu. Aliyasema kwa upole sana.

"Usirudi, mwanangu," akasema. "Vumilia huko huko."

Kesho yake nilimkuta Mkongomani kwenye meza ileile. Sikumsimulia kitu. Nilimuuliza tu wale watu wa Thera waliishia wapi. Akasema waligeuza mashua, wakajenga mji wao huko Libya, Kirene, na mji ukatajirika kuliko kisiwa chenyewe.

"Na mama zao waliwahi kwenda kuwaona?"

Mtu huyu, aliyeweza kukueleza Wagiriki walikula nini asubuhi, aliweka vijiti chini akafikiri.

"Ile haikuandikwa, mama."

Nililia mbele yake na mbele ya mpishi, wala sikujificha. Nilimchukia mama yangu mpaka bakuli langu la tambi likaisha, na baada ya hapo nikawa namkumbuka tu. Asubuhi nilikwenda kwa mwenye nyumba kuongeza mkataba wa chumba.