Pingamizi la Bi Muriel

Siku ndoa yangu inatangazwa kanisani kwa mara ya kwanza, mtu alisimama akaipinga.

Si utani. Alisimama, akashika benchi la mbele yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani:

"Mimi nina pingamizi."

Jamani! Nilidhani hayo mambo yapo kwenye filamu tu.

Naitwa Tamsin. Naishi Hexby, kijiji ambacho ukikipita unabaki na kondoo. Bonde letu lina parokia saba na kasisi mmoja, Kasisi Philippa. Jumapili utamkuta anaendesha kigari chake kama anafukuzwa, kanzu ya ibada imening'inia dirishani, mdomoni anamalizia mkate alioanza kuula parokia iliyopita.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Hexby. Kanisa halikujaa. Halijawahi kujaa. Lakini wenye ndimi walikuwepo wote.

Nilikaa na Ned, mchumba wangu na baba wa mwanangu Posy. Upande wa pili alikaa bibi yangu Doreen, aliyenilea tangu sijui kuvaa viatu. Kigari cha mtoto nilikiegesha njiani.

Kasisi akasoma, "Natangaza nia ya ndoa kati ya Edmund Barnaby Wragg na Tamsin Pellow, wote wa parokia hii. Kama kuna mtu anayejua sababu ya kuwazuia wasioane, aseme."

Kwa kawaida hapo watu wanakohoa, maisha yanaendelea.

Bi Muriel Hesketh hakukohoa. Ndiye aliyesimama.

Huyu mama anaishi ng'ambo ya kijito, kijiji cha Sallowby. Ana kibali cha askofu cha kuongoza ibada pale kasisi asipofika, kwa hiyo anazifahamu parokia zote saba. Nilipokuwa mdogo alinitoa nje ya darasa la Jumapili kwa kutafuna chingamu. Sikuwahi kumsamehe.

Kasisi akasema, "Asante, Muriel. Tuonane baada ya ibada."

Mimi ningesubiri baada ya ibada? Thubutu!

Moyoni nilishajua sababu. Mtoto kabla ya ndoa. Yule mama kanisubiri mwaka mzima aniaibishe mbele za watu.

Nikainuka. Nikashika kigari changu, nikanyoosha shingo kama malkia, nikatoka kwa hatua za madaha. Mlango nikaubamiza hadi njiwa wakaruka mnarani.

Nilifika getini ndipo nikagundua kigari ni chepesi mno.

Mtoto sikuwa naye. Posy alikuwa amelala mapajani kwa bibi.

Ikabidi nirudi. Nikausukuma ule mlango taratibu, ukalia kriiiii, kanisa zima likageuka. Nikanyata hadi kwenye benchi, nikamchukua mwanangu, nikatoka tena. Safari hii bila madaha.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini niliumia kiasi kile. Haikuwa aibu peke yake.

Bibi yangu ni mgonjwa wa moyo. Daktari alitaka kumpasua mapema, bibi akagoma. "Nikuone umeolewa kwanza," aliniambia, "ndipo wanipasue wanavyotaka." Tukapanga harusi mwezi ule ule. Daktari akakubali kwa shingo upande, akatuonya: isivuke hapo.

Kwa hiyo Bi Muriel kuzuia harusi ilikuwa ni kuuzuia moyo wa bibi yangu. Ndivyo nilivyoona.

Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la parokia. Zote saba.

Mimi nasoma darasa la jioni, kila Jumanne, uandishi na ufasaha. Mwalimu anasema nina kipaji. Basi kipaji chote nikakimwaga pale. Nikaandika kuhusu unafiki. Nikaandika kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa. Nikaandika kuhusu "wazee fulani" ambao wangekuwepo Bethlehemu wangemuuliza Maria cheti cha ndoa.

Nikabonyeza tuma, nikajiona nabii.

Halafu nikajitoa kwenye zamu ya kupanga maua ya kanisa. Kwetu mtu anaweza kukosana na jirani, akakosana hata na Mungu, bado maua atapanga. Kujitoa kwenye maua ni kutangaza vita.

Kasisi alipiga simu, sikupokea. Akapiga tena.

"Tam, pokea basi," Ned akasema.

"Niambiwe nini? Kwamba Mungu ananipenda ila Muriel hanipendi?"

"Labda ana sababu."

"Sababu gani? Una mke mwingine Edmund Barnaby?"

"Mimi hata wewe ulinitongoza mwenyewe. Mke mwingine nimtoe wapi?"

Nikamrushia mto.

Katikati ya wiki nilimkuta bibi kakaa kwenye ngazi za nyumbani kwake, midomo imebadilika rangi, anahema kama kapanda mlima. Alikuwa anafuata miwani tu.

"Bibi, twende hospitali."

"Harusi kwanza."

"Bibi!"

"Nilisema harusi kwanza, Tamsin. Kama imepingwa, basi tusubiri."

Hapo kiburi kikaniisha. Nikamfunga Posy kifuani, nikavaa gambuti, nikavuka daraja kwenda Sallowby kumpigia magoti Bi Muriel. Ikibidi nitafune na chingamu mbele yake anitoe nje upya, mradi aondoe lile pingamizi.

Baiskeli yake niliikuta imeegemea ukuta wa kanisa dogo la Sallowby. Lile kanisa hupata ibada mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote ni mali ya popo.

Nikasikia sauti ndani. Jina langu!

"...Edmund Barnaby Wragg na Tamsin Pellow, wote wa parokia hii..."

Nikachungulia. Bi Muriel alikuwa peke yake, aproni kiunoni, anafagia kinyesi cha popo huku anajifunza kulitangaza jina langu.

"Ingia au toka," akasema bila kugeuka. "Unaingiza baridi."

Nikaingia. "Bi Muriel, nimekuja kuomba..."

"Ujumbe wako niliusoma."

Nikatamani wale popo wanibebe.

"Mrefu," akasema. "Ile ya Bethlehemu ilinichekesha. Kasisi hajakwambia?"

"Sikupokea simu."

"Ah. Nabii hapokei simu." Akaweka fagio. "Nyumba yenu haiko Hexby."

"Haiko Hexby?"

"Iko Sallowby. Kila mtu anadhani mpaka wa parokia ni kijito. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Kisha mwenye shamba alikihamisha kijito kikanyweshe ng'ombe wake, mpaka haukuhama. Unapita nyuma ya nyumba yenu."

"Umejuaje?"

"Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunazungushwa mipaka, parokia nzima, fimbo mkononi. Kila jiwe la mpaka, mtoto anageuzwa kichwa chini, anagongwa kisogo kwenye jiwe ili asilisahau. Mimi niligongwa kwenye hilo la kwenu." Akajishika kisogo. "Sikulisahau."

Nikalikumbuka jiwe lililo bustanini. Mimi huwa nategesha beseni la nguo juu yake.

"Kwa nini hukuniambia pembeni?"

"Ningejuaje mnatangazwa kama watu wa Hexby? Niliposikia, ndipo nilipojua. Kasisi akauliza kama kuna sababu. Kuuliza aliuliza yeye, mimi nikajibu. Ungefungishwa ndoa yenye kasoro ndipo useme Muriel mbona alikaa kimya?"

Posy ndiye aliyejibu, alicheua.

"Sheria inataka mtangazwe parokia mnayokaa, kwa hiyo na huku, Jumapili tatu," akaendelea. "Ibada huku ni moja kwa mwezi, na Kasisi Philippa hawezi kujigawa. Kwa hiyo nitaongoza mimi, kila Jumapili, hadi zitimie. Tarehe yenu haitaguswa. Sasa shika hilo fagio."

Mama yangu weee! Nilifagia nikilia, na mavumbi ya popo yakawa kisingizio kizuri.

Jumapili iliyofuata niliwaza tutakuwa sisi wenyewe tu, maana watu wa Hexby kuvuka kijito kwenda kusali Sallowby ni kama kuhama nchi. Nilipofika, nikakosa pa kukaa!

Parokia zote saba zilikuja. Unafikiri walikuja kusali? Walikuja kuona ngumi. Ujumbe wangu ndio uliowaleta, na mzee mmoja alibeba kabisa chupa ya chai na biskuti.

Wakatuona mimi na Bi Muriel tunagawana kitabu cha nyimbo. Waliishiwa nguvu. Hata hivyo Jumapili ya pili wakarudi, sijui kwa nini. Labda biskuti.

Ikafika ya tatu, ya mwisho. Harusi ilikuwa Jumamosi yake.

Bi Muriel akasoma majina. "Kama kuna mtu anayejua sababu ya kuwazuia wasioane, aseme."

Watu wakakohoa kwa furaha.

Halafu benchi langu likalia.

Bibi Doreen alikuwa anasimama.

"Mimi," akasema. "Mimi nina..."

Ned akanishika mkono.

Bi Muriel akashusha miwani. Akamtazama bibi bila ukali.

"Doreen," akasema, "una sababu, au una woga?"

Bibi akashika benchi la mbele yake.

"Woga," bibi akajibu.

"Woga hauzuii watu kuoana. Kaa chini, mpenzi. Tutauzungumza."

Bibi akakaa. Akamkumbatia Posy kwa nguvu hadi mtoto akaamka.

Baada ya ibada nilimpeleka kwenye benchi la makaburini, nikampigia magoti. "Bibi, niambie."

"Naogopa kupasuliwa, Tamsin. Naogopa kulala nisiamke." Akafuta macho kwa kofia ya Posy. "Nilisema harusi kwanza kwa sababu harusi huwa zinachelewa. Siku Muriel alipopinga, wewe ulilia. Mimi nilishukuru Mungu."

Kumbe!

Mimi nilipigana na Bi Muriel wa watu, nikamtangaza parokia saba, na pingamizi lenyewe lilikuwa limekaa pembeni yangu muda wote, limempakata mwanangu. Na kwa kipaji changu chote sikuliona.

"Hospitali wamepiga simu Ijumaa," akaongeza kwa sauti ndogo. "Kuna mtu kaahirisha. Wana nafasi Jumatano hii. Niliwaambia siwezi, kuna harusi."

Nikamtazama Ned. Ned akatikisa kichwa kukubali, kabla hata sijafungua mdomo. Ndiyo maana nampenda.

Nikamwita Bi Muriel. "Tangazo likishatimia linadumu muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Basi na mimi nina pingamizi. Jumamosi hakuna harusi."

Bibi akang'aka, "Wewe mtoto! Keki je?"

"Keki italiwa wodini. Jumatano nitakushika mkono mpaka watakaponifukuza, wakinifukuza nitakaa mlangoni. Ukiamka, ndipo niolewe. Sitembei njia ile ya kanisani bila wewe."

"Na nisipoamka?"

Bi Muriel akakaa upande wake wa pili, akamshika mkono ule mwingine.

"Ukiwa na woga, tutaogopa watatu," akasema.

Jumatano bibi alipasuliwa. Tulikaa nje mimi na Bi Muriel, tukagombania gazeti moja. Jioni nesi akatoka akasema kaamka, na neno lake la kwanza ni kuuliza kama keki imekatwa bila yeye.

Niliolewa wiki kadhaa baadaye. Bibi alinisindikiza kwa mwendo wa kobe hadi mpiga kinanda akaurudia wimbo mpaka akachoka, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa umenuna kwa sababu mtu kasimama kukupinga mbele za watu: kabla hujaandika chochote, muulize kwa nini. Akishakujibu, mgeukie na yule aliyekaa kimya ubavuni kwako, umuulize yeye pia.