Bukari kwenye jiko la kambi

Leo nimesonga bukari, ugali wetu, huku nimebana sufuria kwa viatu, mbele ya kwaya nzima!

Kwaya yetu inaenda kupiga kambi Mulongo. Tantine Bea, mpishi wetu, alinipa jaribio: nikiweza kupika bukari kwenye jiko dogo la gesi, nitamsaidia huko. Nikishindwa, nabaki Kamina.

Maji yalichemka upesi. Nikatia unga, nikasonga kwa nguvu kama nyumbani.

Jiko likayumba! Sufuria ikateleza!

(Nilimwita Mungu kwa sauti, na haukuwa wakati wa sala.)

Nikazima gesi, nikaweka sufuria chini, nikaibana kwa viatu vyangu vya shule, nikaendelea. Wavulana wa besi wakapiga makofi.

"Weye mutoto, unapika ao unacheza mupira?" Tantine akauliza.

Nilikuwa nasonga!

Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa samaki. Akatafuna.

Akamega jingine. Kisha jingine.

"Tantine, nitaenda?"

Mdomo ukiwa umejaa, akanyoosha kidole kwenye jiko.

"Ubebe ile. Ni weye utaichunga mu njia."

Nimemkumbatia na unga wote mikononi!

Sasa niambieni: kwenu, sufuria ya bukari mnaibana na nini?