Aliyehesabiwa Mzima

Evelina, ambaye majirani wa kata ya Pasiansi walimwita Mama Queen, alikuwa mkata minofu katika kimojawapo cha viwanda vya sangara vilivyofunguliwa Mwanza miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kuwekeza. Alisimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi. Siku kisu kilipoteleza hakusikia maumivu, kwani vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi kwa baridi. Aliona damu juu ya mnofu, akausogeza kando usichafue mingine.

Kidonda kilipona, ila vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki vimejikunja. Aliporudi kazini, msimamizi alimwambia akunjue mkono. Haukukunjuka.

"Pole, mama. Kazi hii hatuwezi kumpa mlemavu."

Evelina alivua mabuti, akayapanga mahali pake, akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata walipita watu nyumba kwa nyumba, wakitaka kujua kata ile ina walemavu wangapi. Aliyefika kwao alikuwa binti mpole wa Kijaluo, jina lake Amondi. Alimkuta Suzana, mama mkwe wa Evelina, akichambua dagaa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Hapa nyumbani kuna mlemavu?"

"Marahaba. Hatuna. Huyu mkwe wangu aliumia mkono tu. Mlemavu ni Ngosha, yule fundi viatu anayetembelea magongo."

Amondi alimgeukia Evelina. "Unapika mwenyewe, dada?"

"Napika."

"Kufua?"

"Nafua. Huu unashikilia, huu unasugua."

"Mtoto unamwogesha?"

"Namwogesha."

Amondi aliitazama fomu yake. "Tumeelekezwa kwamba mlemavu ni yule asiyeweza shughuli za kila siku bila kusaidiwa. Kwa hiyo wewe hatutakuhesabu."

"Kiwandani walinihesabu," Evelina alisema.

 Amondi alisema pole, akaaga. Suzana akaendelea na dagaa zake.

Jioni Ngosha alileta kiatu cha Suzana alichokishona. "Mimi nimeandikwa," alisema. "Nimemweleza yule binti kuwa nasomesha watoto kwa kazi hii, simtegemei mtu. Akasema kwa magongo haya lazima niandikwe." Alicheka peke yake. "Na wewe, Mama Queen?"

"Mimi mzima."

Evelina alijaribu kiwanda kingine. Mlinzi wa getini aliutazama mkono, akatikisa kichwa. Hakubishana naye wala hakulia. Njiani alijipima kama ana hasira, hakuiona.

Luhaga, mumewe, alipopata kazi ya kupakia magari Usagara, nje kidogo ya mji, walihamia huko. Evelina akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, na kuyauza njia panda. Aliyageuza kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni wateja walimwangalia, baadaye wakazoea. Queen akaanza darasa la kwanza. Biashara ilikwenda, si vizuri sana, si vibaya.