Pombe ya Pakiti Bombambili

Nilifika Songea juu ya kreti za bia. Lori la kampuni yetu ya bia lilitoka Dar es Salaam, likalala Iringa, likalala tena Njombe, na tulipopita Madaba baridi ilikuwa imeniingia mifupani. Nimehama miji mingi tangu nimalize kidato cha nne, lakini sikuwahi kufika mahali nikiwa na hofu kama siku ile. "Huku watu wana pombe zao," dereva aliniambia.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kampuni ilikuwa imepata wenye hisa kutoka nje, ikawa inanunua kila kitu: kiwanda cha chupa, malori, mashamba ya shayiri. Sasa ilitengeneza hata pombe ya mahindi, mfano wa komoni, ikaifunga kwenye pakiti. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka vilabuni.

Nilipanga chumba mtaa wa Bombambili kwa mama mjane aliyeishi kwa kupika komoni. Harufu ya pombe ile naikumbuka mpaka leo. "Mmeshika bia, mmeshika soda," alisema akikoroga pipa. "Na hiki kibuyu changu mnakitolea macho?" Wateja wake wakaangua kicheko. Akachota kopo, akanywa funda moja, ndipo akanipa.

Mimi niliwapa watu pakiti zikiwa zimefungwa, nikijivunia kwamba hakuna mkono uliozigusa. Sikujua kwamba pale anayekupa pombe hutangulia kunywa, uone hana nia mbaya na wewe. Fundi baiskeli mmoja alikunywa pakiti yangu kwa utani. Kesho yake akaanguka kazini akitetemeka, wakampeleka hospitali.

Tangu hapo nikiingia kilabuni watu walihamia benchi jingine.

"Umempa nini kaka yangu?" mdogo wa fundi aliniuliza.

"Ni pombe tu, ndugu yangu."

"Mbona hukunywa kwanza?"

Nilirudisha pakiti mfukoni.

"Omba apone," akasema taratibu, akaondoka. Heri angenipiga.

Nikawa napita njia za nyuma. Nikisikia kengele ya baiskeli najibanza ukutani. Chakula nilijipikia mwenyewe. Kila asubuhi nilimwamkia mama, halafu nikamuuliza, "Fundi yupo?" Akijibu "yupo," nilipata pumzi ya kufikia jioni.

Ilikuwa malaria. Fundi alirudi amekonda, akaja kilabuni kwa miguu yake, akanishika mkono mbele ya watu. "Mtani, pakiti yako dhaifu," alisema. "Aliyeniangusha ni mbu." Wote walicheka, hata mdogo wake. Nami nikacheka.

Mama alisubiri mpaka watu wakatawanyika. "Mwanangu, umepona kwa sababu yeye amepona," aliniambia. "Hapa watu wanaumwa kila wiki. Na wanangu wanakula kwa komoni hii. Nikikutetea sana, hata ya kwangu hawatainywa. Afadhali uende."

Asubuhi lori la kampuni lilikuwa linarudi Dar tupu. Mama alinisaidia kutoa pakiti chumbani, kisha akainama kuchungulia uvunguni, asije akabakiwa na hata moja. Aliniombea safari njema bila kunitazama. Nikapanda, nikapandisha kioo, nikamwomba dereva tusisimame popote mpaka Makambako.